Tununue baiskeli, tusinunue jina

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea mvivu atafutaye kisingizio cha kuahirisha kazi, na kwa maana hiyo haina kasoro. Lakini kwa mzazi aliyeuza magunia ya mahindi ili mwanawe apate baiskeli ya kwendea shule, kutochagua ni hasara iliyo dhahiri. Baiskeli isiyoifaa njia yake aghalabu haimalizi muhula wa pili. Mtoto hurejea kutembea kwa miguu, na mahindi yamekwisha kwenda.

Hapa Sugoi, katika eneobunge la Turbo, na kote kwenye uwanda wa Uasin Gishu, baiskeli ingali chombo cha kazi. Ni kweli kwamba pikipiki zimeinyang'anya kazi ya kubeba abiria, kazi ambayo jina lake, bodaboda, lilizaliwa na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu katika mpaka wa Kenya na Uganda. Hata hivyo, mwanafunzi wa shule ya kutwa hana uwezo wa kulipa nauli ya pikipiki asubuhi na jioni, siku tano kwa juma. Mwalimu anayeishi mbali na shule yake naye ana hesabu zake. Ndiyo maana swali la baiskeli gani inunuliwe si swali la anasa. Ni swali la elimu.

Ukipita madukani mjini Eldoret au Turbo, utaona baiskeli zenye rangi za kuvutia, springi mbele na nyuma, gia nyingi, na maandishi makubwa yanayotangaza kuwa hizo ni za mlimani. Kijana akiziona hataki nyingine. Ile baiskeli nyeusi ya babu yake, maarufu kwa jina la Black Mamba, huiona kuwa ya kizamani. Mimi si muuzaji wala fundi. Kazi yangu ni kuichunguza lugha. Lakini naamini kwamba kosa linalofanywa hapa lina mzizi katika lugha. Jina ni ishara, na ishara huweza kubaki ile ile ilhali kitu kinachotajwa kimekwisha badilika. Leo jina moja, baiskeli ya mlima, linabandikwa kwenye vitu viwili visivyo na udugu: chombo madhubuti kilichoundwa kuhimili mawe na miteremko, na sanamu ya chombo hicho. Mnunuzi hulipia jina, kisha akaenda na sanamu.

Yafaa tukumbuke jina hilo lilitoka wapi. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu zenye fremu nzito na tairi nene. Zilipovunjika, waliziimarisha. Mwaka wa 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mpya mahsusi kwa kazi hiyo, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 viwanda vikaanza kuziuza kwa wingi. Baiskeli hizo za mwanzo hazikuwa na springi yoyote. Springi za mbele zilianza kuenea takriban mwaka wa 1990. Kwa hiyo kilichoifanya baiskeli iitwe ya mlima ni uimara wa fremu, upana wa tairi, nguvu za breki na gia nyepesi ya kupandia. Springi ni nyongeza iliyokuja baadaye.

Nyongeza hiyo ikiundwa vyema husaidia; ikiundwa kwa bei ya chini hudhuru. Springi nzuri huwa na kifaa cha ndani kinachoituliza baada ya kubonyea, gurudumu lisiendelee kurukaruka. Katika baiskeli nyingi za bei nafuu kifaa hicho hakimo. Mna waya wa chuma uliosokotwa tu. Huongeza uzito, huingiwa na matope, na baada ya miezi kadhaa hukwama au hulegea. Ile ya nyuma ina dhara la ziada: mpandaji anapokanyaga pedali, sehemu ya nguvu zake huishia katika kuibonyeza badala ya kulisukuma gurudumu. Mtoto aliyekunywa chai na kipande cha kiazi alfajiri hana nguvu za kupoteza namna hiyo.

Basi mnunuzi aanzie wapi? Aanze na njia yake na mzigo wake, kisha ndipo afike kwenye kibeti. Naona kwamba wapandaji wa kwetu ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni mbebaji: anayepeleka mitungi ya maziwa kwa mnunuzi, mahindi kwenye kinu, au kuni nyumbani. Huyu asidanganywe na gia. Black Mamba yake, yenye fremu ya chuma, keria pana na magurudumu ya inchi 28, ingali mwafaka. Ina kasoro mbili ambazo ni lazima azijue. Breki zake za vyuma hushika rimu, na rimu ikilowa huteleza. Tena haina gia, hivyo mzunguko mmoja wa pedali hulizungusha gurudumu la nyuma zaidi ya mara mbili. Kwenye mwinuko mkali hapana budi kushuka na kusukuma. Ipo pia Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief, ambalo lilianzishwa mwaka wa 2005 na ambalo limesambaza baiskeli humu nchini. Keria yake huhimili kilo 100, na breki ya nyuma imo ndani ya habu, ambako maji na matope hayaifikii kwa urahisi. Ni jambo la kutafakari kwamba watu walioketi wakaunda baiskeli kwa ajili ya barabara za vijijini barani Afrika hawakuiwekea springi hata moja.

Wa pili ni msafiri: mwanafunzi au mwalimu anayekwenda kilomita tano au kumi za murram, kisha labda kipande cha lami. Huyu ndiye baiskeli ya mlima ingemfaa, mradi ichaguliwe kwa makini. Achague yenye uma wa mbele ulio imara, usio na springi. Achague fremu ya chuma, kwa sababu ikipasuka, mchomeleaji yeyote wa jua kali ataiunga. Fremu ya alumini huhitaji mitambo na ujuzi ambao haupatikani kila soko. Magurudumu ya inchi 26 yametumika kwa muda mrefu na tairi zake ni rahisi kupata. Mwenye kutamani yale mapya ya inchi 29 na aulize kwanza iwapo duka la karibu linauza tyubu zake. Ahakikishe kwamba pana nafasi ya kutosha kati ya tairi na madigadi, maana mvua zianzapo mwezi wa Machi au Aprili, udongo wetu mwekundu hujaa hapo na gurudumu hukataa kuzunguka. Na keria asiisahau, kwani vitabu mgongoni huchosha na humyumbisha mpandaji.

Kuhusu gia, wingi wake si hoja. Baiskeli iliyoandikwa 21 huwa na magurudumu matatu ya meno mbele na saba nyuma, basi. La muhimu ni gia nyepesi kuliko zote: je, gurudumu dogo la mbele na kubwa la nyuma yana meno yanayokaribiana? Yakiwa sawa, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha tairi mara moja tu, na mlima hupandika ukiwa umeketi. Walimu wa hisabati, hapa pana somo la uwiano lisilohitaji chaki. Waacheni wanafunzi wahesabu meno uwanjani.

Wa tatu ni mwanamichezo, na huyu tusimdharau. Mwendo mfupi tu kutoka kwetu, ukishapita jiji la Eldoret, uko mji wa Iten, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ardhi huporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Huko ndiko kwenye mlima wa kweli. Iten ndiko alikokuwa akifanyia mazoezi marehemu Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya aliyefariki mashindanoni Vermont, Marekani, mwaka wa 2022. Chris Froome naye, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alijifunza akiwa kijana chini ya David Kinjah huko Kikuyu. Kijana anayetaka kuwafuata ana haki ya kutaka springi nzuri ya mbele na breki za diski. Lakini vitu hivyo, vikiwa vya kweli, ni ghali. Akiwa na fedha chache, heri anunue baiskeli ya mitumba ya kiwanda chenye sifa kuliko mpya iliyopakwa rangi ya kiwanda kisichojulikana.

Mitumba, hata hivyo, hutaka macho. Tazama fremu chini ya usukani na pale ekseli ya pedali inapopita. Nyufa huanzia hapo. Inua gurudumu ulizungushe: likiyumba, spoki zimelegea au rimu imepinda. Litikise kushoto na kulia: likicheza, bolbearing zimekula. Pima mnyororo kwa rula. Viungo 24 vya mnyororo mpya hupima sentimita 30.5, vikifika 30.8, mnyororo umechoka, na yamkini umekwisha kuyala meno pia. Kisha ipande baiskeli yenyewe. Ukisimama wima katikati yake, chuma cha juu kisikuguse. Ukiketi na pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu.

Jambo hili la kimo lanileta kwa wasichana. Baiskeli nyingi za mlima zina chuma cha juu kilichonyooka, na msichana aliyevaa sare ya sketi hawezi kuvusha mguu bila kudhalilika mbele ya wenzake. Matokeo yake ni kwamba baiskeli inayonunuliwa kwa ajili ya watoto wote nyumbani huishia kuwa ya mvulana. Utafiti uliofanywa nchini Zambia ulionyesha kwamba wasichana waliopewa baiskeli walipunguza muda wa safari ya shuleni kwa takriban theluthi moja, na siku za kukosa masomo zikapungua kwa zaidi ya robo. Faida kama hiyo haipatikani ikiwa chombo chenyewe kinamkataa mpandaji. Fremu iliyoinama katikati haina aibu kwa mvulana, na humfaa dada yake. Mzazi mwenye watoto wa jinsia zote mbili na achague hiyo.

Sasa tuje kwenye fedha. Kosa la kawaida ni kutumia senti ya mwisho dukani. Tuseme mwalimu ametenga shilingi 20,000. Nashauri asivuke 16,000 kwa baiskeli yenyewe. Zile 4,000 ni za helmeti, taa, kufuli, pampu, viraka na solusheni, pamoja na akiba ya breki na mnyororo. Baiskeli ya 20,000 isiyo na pampu ni mzigo wa kusukumwa mara tu ipatapo pancha ya kwanza. Na kabla hajalipa, amtembelee fundi wa karibu na kwake amwulize: hii ikiharibika, utaiweza? Jibu la fundi huyo lina thamani kuliko maneno yote yaliyochapwa kwenye fremu.

Wapo watakaosema kwamba nawanyima vijana fahari yao, na kwamba kijana akiipenda baiskeli yake ataitunza. Nakubali kuwa upendo huzaa utunzaji. Lakini kijana hupenda kwa muda mrefu kile kisichomwaibisha, na hakuna aibu iishindayo ya kusukuma chombo cha springi nne kando ya barabara huku mwenzake akimpita juu ya mkangafu wa babu yake.

Mwisho, nawageukia walimu wenzangu. Mnunuzi asiyekuwa na maneno hana hoja. Akiingia dukani bila kujua kutofautisha uma na usukani, habu na rimu, gia na meno, atabaki kunyooshea kidole rangi, na muuzaji atamuuzia rangi. Tunawafundisha wanafunzi majina ya viungo vya panzi na sehemu za ua. Sioni sababu ya kutowafundisha, kwa Kiswahili chao wenyewe, majina ya sehemu za chombo kinachowafikisha darasani. Kipindi kimoja chatosha, baiskeli ikiwa imepinduliwa mbele yao na fundi wa kijijini akiwa mwalimu wa siku hiyo. Siku watakapotumwa kununua, wataliuliza jina maswali kabla ya kulilipia.