Herufi nyembamba ziachieni majina
Hapa Kirungu, Baudouinville ya zamani, mwandiko wa kalamu ya kuchovya wino wazee wanaujua: mstari unaoshuka ni mnene, unaopanda ni mwembamba kama unywele. Kuna fonti zinazoiga mwandiko huo, na kwenye kadi ya ndoa majina ya maarusi yanapendeza kweli. Lakini watu wanaandika nazo hata saa, mahali na namba ya simu! Kadi ikipigwa fotokopi, mistari ile myembamba inapotea; 1 na 7 hazitofautiani tena. Na neno zima kwa herufi kubwa za namna hiyo (nimeziona) halisomeki kabisa. Wapiga chapa, majina yaacheni yarembwe, mengine yote wekeni fonti ya kawaida.