Bei ya Mguu wa Askari

Kiswahili kina neno la kupendeza kwa malipo anayopewa mtu anapoagana na kazi: kiinua mgongo. Aliyelibuni alimwona mfanyakazi aliyeinama miaka mingi, na sasa anasaidiwa kusimama wima. Neno hilo huanza kukwaruza, hata hivyo, pale anayelipwa anapokuwa mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani akiwa na mguu mmoja, au akiwa na kipande cha chuma kilichokwama karibu na uti wa mgongo. Huyo hainuliwi na kiinua mgongo. Anachostahili ni fidia, na fidia si shukrani wala sadaka, ni deni. Mifumo mingi ya kuwafidia wanajeshi wastaafu wenye ulemavu, ikiwemo ya mataifa tajiri, huendeshwa kana kwamba tofauti hiyo haipo. Kenya, ambayo imekuwa na askari vitani nchini Somalia tangu Oktoba 2011, haina budi kuitafakari mapema.

Historia ya eneo hili ina ushahidi wa kutosha. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ulirithi jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliobeba vyakula na risasi za Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao waliangamia, wengi zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Katika barabara ya Kenyatta ingali pale sanamu ya watu watatu, na maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Sitiari hiyo ni nzito. Mpagazi aliyerudi kwao bila mguu au mkono wake mwenyewe hakutajwa popote katika maandishi hayo, ambayo yanawakumbuka waliohudumu na kufa. Vita vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, mkoloni alikadiria bahashishi ya askari kwa kutazama rangi ya ngozi: Mwafrika wa cheo cha chini alitengewa takriban theluthi moja ya alichotengewa mzungu wa cheo hicho hicho kwa kila mwezi wa utumishi. Nyaraka za mpango huo zilipoanikwa hadharani mwaka 2019, wazee wachache tu waliokuwa wamehudumu walikuwa hai kuzisikia.

Ingekuwa faraja kusema kwamba ubaguzi huo uliondoka na bendera ya mkoloni. Haukuondoka. Katika operesheni za kulinda amani za Umoja wa Mataifa, hadi katikati ya miaka ya tisini fidia ya kifo au ulemavu ilifuata sheria za nchi aliyotoka askari. Wawili waliokanyaga bomu moja wangeweza kulipiwa fedha zilizotofautiana mno, kwa sababu tu pasipoti zao zilitofautiana. Mwaka 1997 ndipo Baraza Kuu lilipoweka kiwango kimoja kwa wote, dola 50,000 kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, na ulemavu usio kamili ukakadiriwa kwa asilimia ya kiwango hicho. Hii ilikuwa hatua ya haki. Lakini fedha hizo hupitia mikononi mwa serikali kabla ya kumfikia mjeruhiwa, na safari kutoka hazina hadi kijijini aghalabu ni ndefu kuliko ile ya kutoka New York hadi Nairobi.

Wanaotaka kuona ugumu wa kuukadiria mwili kwa asilimia hawana budi kuutazama mfumo wa Marekani, ambao ni mkubwa na wenye kanuni nyingi. Huko ulemavu hupimwa kuanzia sufuri hadi asilimia mia moja, kwa hatua za kumi kumi. Mguu uliokatwa chini ya goti, ikiwa kiungo bandia kinaweza kuvaliwa, ni asilimia 40. Uliokatwa katikati ya paja ni 60. Mwenye majeraha mawili, moja la 50 na jingine la 30, hapewi 80 kama hesabu za shule ya msingi zinavyotaka. Mfumo unamchukulia kuwa tayari amebaki nusu mtu. Asilimia 30 huchukuliwa kutoka kwenye nusu hiyo, inapatikana 15, jumla inakuwa 65, kisha inasogezwa hadi 70. Hesabu hii ina mantiki yake. Hata hivyo, askari aliyevunjika mgongo na kupoteza usikivu hapati nusu ya pili ya kuishi ndani yake; anaishi na yote mawili kwa wakati mmoja, na kila moja hulizidisha jingine.

Msingi wa jedwali hilo, lililopewa umbo lake mwaka 1945, ni wastani wa upungufu wa uwezo wa kujipatia riziki. Swali linaloulizwa ni: mtu huyu amepungukiwa kiasi gani sokoni? Halijauliza analalaje, anamshika vipi mwanawe, wala mkewe ameacha kazi gani ili amwogeshe. Marekani yenyewe iliungama kiasi upungufu huo mwaka 2010, ilipotunga sheria ya kuwalipa posho jamaa wanaowauguza baadhi ya majeruhi nyumbani. Nchini Kenya, ambako kazi hiyo humwangukia mke, mama au binti bila hata neno la asante, hilo ndilo fundisho la kwanza la kuigwa.

La pili, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni mzigo wa kuthibitisha. Jeraha la risasi halihitaji shahidi. Sumu na kiwewe vinahitaji, na shahidi mara nyingi ameshakufa. Unyunyizaji wa kemikali ya Agent Orange nchini Vietnam ulikoma mwaka 1971, lakini ilichukua miaka ishirini, hadi 1991, kwa Bunge la Marekani kupitisha sheria iliyoweka dhana kwamba magonjwa fulani ya waliohudumu huko yametokana na utumishi wao. Waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Irak na Afghanistan walingoja hadi sheria ya PACT ya 2022. Maradhi ya kiwewe yalipewa jina rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na ni mwaka 2010 ndipo sharti la kumtaka askari athibitishe tukio mahususi lililomtisha lilipolegezwa. Wakati huo wote mafaili yalirundikana. Mwaka 2013 madai zaidi ya 600,000 yalikuwa yamekaa siku zaidi ya 125 bila kuamuliwa.

Wapo wanaosema kwamba kulegeza masharti ni kuwafungulia mlango wadanganyifu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani gharama za Marekani zimepanda sana na walaghai wamo. Lakini mdanganyifu mmoja akilipwa, hazina hupoteza fedha. Mkweli mmoja akinyimwa, familia hupoteza chakula. Dola yenye rekodi zote za kambi, za hospitali na za doria ndiyo yenye uwezo wa kuthibitisha. Kumtaka koplo mstaafu alete nyaraka ambazo mwajiri wake ndiye aliyezifungia kabatini ni kejeli.

Kejeli hiyo ina uzito zaidi hapa nyumbani. Shambulio la El Adde la Januari 2016 na lile la Kulbiyow la Januari 2017 yalitokea katika vita ambavyo habari zake, kwa sababu za kiusalama, hutolewa kwa kibaba. Sheria ya Ajira ya 2007 haiwahusu wanajeshi. Katiba ya 2010, ibara ya 24, inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za walio jeshini, zikiwemo za kazi na za kiuchumi na kijamii. Inazungumzia walio jeshini, si waliotoka. Siku askari anapovua sare, kizuizi hicho kinavuka naye? Jibu la Katiba ni la. Na ibara ya 54 inampa heshima na haki sawa na za raia mwingine mwenye ulemavu. Bunge lilitunga Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, hatua ya kupongezwa, lakini thamani ya sheria ya namna hii hupimwa kwenye dirisha la karani. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, akate rufani mbele ya watu wasio makamanda wake wa zamani, na malipo yapande bei ya unga inapopanda.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Sheria hizi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Askari anayerushwa na ndoto usiku huko Kwale au Kakamega ataambiwa na majirani kwamba amerogwa au ana mashetani. Daktari ataandika herufi za kifupi cha Kiingereza. Na kati ya hayo mawili hapana neno moja linaloeleweka na mgonjwa, mkewe na karani kwa pamoja. Kiwewe lipo, jinamizi lipo, kihoro lipo. Kinachokosekana ni kamusi ndogo ya istilahi za ulemavu na fidia, iliyokubaliwa na madaktari na mawakili, pamoja na fomu ya madai ya Kiswahili ambayo mjane anaweza kuijaza bila kumlipa mtu. Kazi ya ukubwa huo haivuki uwezo wa idara moja ya chuo kikuu kwa muhula mmoja.