Kijana wa Kidato cha Nne Bado Anakua



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi hapa Tanzania hugeuka mahakama. Mzazi huwa hakimu, matokeo huwa ushahidi, na kijana wa miaka 17 husomewa hukumu ya maisha yake yote: "Huyu atakuwa daktari," au, "Huyu basi tena." Wiki hii tunapenda kuitafakari hukumu hiyo, kwa kuwa tunaamini kwamba hutolewa mapema mno, tena pasipo kumsikiliza anayehukumiwa.

Tuanze na ubongo wenyewe. Mtoto afikapo umri wa miaka 6, ubongo wake huwa umefikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Jambo hili huwafanya wengi wadhani kwamba kazi imekwisha. La hasha! Kuwa mkubwa si kukomaa. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo hasa itusaidiayo kupanga mambo, kupima matokeo ya matendo yetu na kuzuia pupa. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zile zinazochelewa zaidi. Huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi. Zile zinazoamsha hisia na hamu hutangulia. Ndiyo maana kijana aweza kulipenda jambo kwa moto mkali leo, na mwezi ujao akaliacha. Huo si ukaidi daima. Mara nyingi ni ukuaji.

Mtaalamu wa saikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa maisha ya mwanadamu katika hatua nane. Hatua ya tano, yaani ujana, ni ya kujiuliza, "Mimi ni nani?" Erikson mwenyewe ni mfano mzuri. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, hakupata shahada ya chuo kikuu, na alipokuwa kijana alizunguka Ulaya akiwa mchoraji. Mwaka 1927 alikwenda Vienna kufundisha watoto, na huko ndiko alikoikuta taaluma iliyomfikisha baadaye kuwa profesa wa Harvard. Je, kama angeitwa "basi tena" akiwa na miaka 18?

Mwaka 1966 mtafiti James Marcia, akiyaendeleza mawazo hayo, alieleza kwamba wapo vijana wanaoonekana wametulia na kujua waendako, kumbe wamepokea tu uamuzi wa wazazi wao bila kuupima. Utulivu wa namna hiyo ni nyumba iliyojengwa bila msingi. Tumewaona watu wazima wenye vyeti vizuri na kazi za heshima, lakini wanaoishi maisha ambayo hawakuyachagua kamwe.

Wapo watakaotujibu: "Samaki mkunje angali mbichi. Ikiwa ubongo wa kijana haujakomaa, si ndiyo sababu sisi wazazi tumwamulie?" Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini tutofautishe mambo mawili. Uaminifu, bidii na nidhamu yapasa kufundishwa mapema, bila kungoja. Kazi ya maisha ni jambo jingine. Isitoshe, katika ubongo unaokua, njia zinazotumika mara kwa mara huimarika, na zile zisizotumika hupunguzwa. Asiyepewa nafasi ya kuamua hawezi kujifunza kuamua. Atafikisha miaka 30 angali akimtazama baba yake usoni.

Kanisa nalo limeliona jambo hili. Kanuni ya 1031 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 huweka miaka 25 kuwa umri wa kutimiza kabla ya kupewa daraja ya upadre, na kanuni ya 219 huwapa waamini wote haki ya kuchagua hali yao ya maisha bila kushurutishwa. Kama altareni hatuendi kwa haraka wala kwa kusukumwa, kwa nini tusukumane darasani?

Tunajua kwamba karo ni ngumu, na si kila nyumba yaweza kungoja. Lakini kungoja si kukaa bure. Kijana aweza kushinda kwa fundi seremala, kulima bustani ya mboga, kusaidia dukani au kujiunga na chuo cha ufundi. Kila jaribio humfundisha jambo moja zaidi juu ya nafsi yake. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano hadi kufikia 65. Ni hatua njema, ila milango 65 haina faida kwa mtoto ambaye nyumbani amefunguliwa mmoja tu.

Basi, wazazi wapendwa, kabla ya kutamka hukumu, muulizeni kijana maswali matatu: Ni kazi gani huifanya bila kuchoka? Ni jambo gani watu humwendea awasaidie? Angependa kujaribu nini mwaka huu? Kisha nyamazeni, msikilize. Aliyefeli mtihani amefeli mtihani. Hajafeli kuwa mtu.