Mikono Chini, Miguu Juu: Tupeni Walimu Wetu

Vijana wenzangu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo nasema juu ya yoga. Najua wengine mtacheka. Huku kambini nje ya Juba, yoga tunaijua kama kile kipindi cha kukaa chini, kufunga macho, kupumua, halafu mnapigwa picha na mradi unaisha. Mimi naitaka ile ya kusimama kwa mikono.

Sababu ni hii. Mtu anayengoja karatasi zake miaka na miaka hana cha kupima katika maisha yake. Mgao wanapanga wengine, tarehe ya mahojiano wanapanga wengine. Lakini kusimama kwa mikono kunapimika. Mwanzo unaweka viganja chini, vidole umevitanua, makalio juu, mwili kama paa la nyumba, unakaa hapo pumzi tano. Siku nyingine unapandisha miguu ukutani, tumbo likitazama ukuta, unasukuma ardhi mpaka mabega yakaribie masikio. Leo sekunde kumi, mwezi ujao labda thelathini. Hakuna ofisi ya kukupa hizo sekunde wala ya kukunyang'anya. Na kichwa kinanyamaza, maana ukianza kuwaza mambo ya kwenu unaanguka tu! Tena haihitaji lugha moja. Msudani, Muethiopia, Mkongomani, wote wanaelewa mtu akiwaonyesha kwa mwili.

Mfano uko jirani, Nairobi. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Paige Elenson, alikuwa Kenya kutalii, akakuta vijana wa sarakasi wanasimama kwa mikono, akaingia naye akasimama. Mwaka 2007 ikaanza Africa Yoga Project. Ninachokipenda mimi si habari ya mgeni (wale vijana walikuwa tayari wanajua kusimama, jamani). Ni kilichofuata: vijana wa mitaa ya mabanda wakafundishwa kuwa walimu, na kufundisha kukawa kazi ya kuingiza pesa.

Sisi tunaletewa mkufunzi wa wiki mbili. Akiondoka, mikeka inafungiwa stoo, na sisi wa kujitolea tunaambiwa tuendelee kwa moyo. Moyo upo. Lakini huu si mchezo wa kumwachia mtu asiyejua. Viungo vya mikono lazima vipashwe moto kwanza. Anayeanza kurusha miguu lazima ashikwe kiunoni na mtu anayejua kushika. Mwenye presha ya juu, mwenye bega bovu au mjamzito haruhusiwi kujaribu hovyo. Mambo hayo hayaingii kichwani kwa wiki mbili.

Halafu wasichana. Wanataka sana, lakini nani atageuza miguu juu na sketi huku wanaume wamezunguka uwanja wanatazama? Wanahitaji suruali, mahali penye uzio na mwalimu mwanamke.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wa mashirika: pesa ya semina moja ya hotelini, wekeni kwa vijana wawili wa hapa, mmoja awe msichana. Wasomeshwe mpaka waive, warudi, wapewe posho ya mwaka mzima, si ya miezi mitatu. Ukuta msijenge. Ule wa darasa, upande wa magharibi, una kivuli asubuhi yote.