Tusiisemee Karafuu Yetu Uwongo

Ndugu Wanachama,

Siku hizi twasikia ya kwamba mafuta ya karafuu huponya saratani ya tezi dume. Maneno haya hutupendeza, maana ni mkulima gani asiyetaka bei ipande? Lakini mimi naona yatupasa sisi kuwa wa kwanza kuyakataa.

Kila chembe ya mwili ina ajali yake. Ikichakaa hujiua yenyewe kwa utaratibu, na chembe jirani hula mabaki yake. Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie waliliita jambo hili kwa jina la Kiyunani, apoptosi, yaani kupukutika kama majani ya mti. Chembe za saratani ni zile zilizokataa kupukutika.

Daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha mwaka 1941 ya kuwa saratani ya tezi dume hunywea ikinyimwa homoni ya kiume, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Lakini mara nyingi chembe huzoea na ugonjwa hurudi. Ndipo zikatafutwa dawa za kulenga. Olaparib, iliyokubaliwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2020, huzizuia chembe zenye kasoro katika jeni kama BRCA kujitengeneza, zikafa. Nyingine, iliyokubaliwa mwaka 2022, hupeleka lutetiamu yenye mnururisho kwenye chembe zenye alama ya PSMA. Katika majaribio, nusu ya wagonjwa mahututi walioipata waliishi zaidi ya miezi 15; kwa wenzao ilikuwa miezi 11.

Tazameni basi: kazi ya miaka 80, na faida yake ni miezi minne. Je, chupa ya mafuta ya sokoni itashinda hayo?

Ni kweli kwamba yujinoli, iliyojaa katika karafuu, imeua chembe za saratani katika vyombo vya maabara. Lakini chombo si mtu. Kwa wagonjwa haijathibitishwa kuponya, na mafuta hayo yakinywewa kwa wingi hudhuru ini.

Hasara kubwa ni wakati. Ugonjwa huu ukikutwa ungali ndani ya tezi, mara nyingi hutibika. Ukishaingia mifupani, huwa ni kuupunguza tu. Tena mwanzoni huenda usionyeshe dalili yoyote. Mzee anywaye mafuta kwa siri kwa kuona haya huipoteza miezi ile ile iliyo na thamani. Haya ni jambo jema, lakini isitupeleke kaburini.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, mwanachama aliyetimiza miaka 50 amwulize daktari habari za kipimo cha damu, na mwenye baba au ndugu aliyeugua aulize mapema zaidi. Asumbuliwaye na mkojo usiku naye aende. Pengine ni tezi iliyokua kwa uzee tu. Pili, mnunuzi akituuliza kama karafuu yaponya saratani, tujibu: hapana. Karafuu yetu ina sifa za kweli za kutosha.

Wasalaam,
Mwanachama mwenzenu