Mheshimiwa, lori lina tumbo moja
Barua ya wazi kwa kiongozi anayesimamia usafi wa mitaa yetu

Mheshimiwa,

Mambo ya taka za mji huu unayajua kuliko mimi mpika chapati wa Biryogo, hapa Kigali, kwa hiyo sitakusumbua na habari za leseni, ada na zamu za malori. Nakukumbusha tu ule mkutano wa baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, tulipoagizwa kutenganisha taka: maganda na mabaki ya chakula gunia lake; chupa, makopo na maboksi gunia lake. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma.

Magunia nikanunua kwa pesa yangu. Wapangaji wa ua wetu nikawashawishi mmoja mmoja, mpaka kijana wa saluni ambaye chupa zake za dawa ya nywele zilikuwa zikivujia kila kitu. Makopo ya nyanya tukawa tunayasuuza hata siku bomba limekauka na maji tunanunua kwa dumu.

Kisha lori likaruka zamu, likaruka na ya pili. Magunia yakabaki barabarani, na mtu wa faini, ambaye yeye haruki zamu, akanikuta nayo. Nikalipa pesa ya mchele wa mgahawa wa wiki nzima. Hilo ningelimeza. Lakini lori lilipokuja, wapakiaji walilipasua gunia la maganda juu ya gunia la maboksi, wakavikanyaga pamoja ili vishuke, ua mzima unatazama. Nikamwuliza dereva, akanijibu bila ubaya wowote: "Mama, lori lina tumbo moja."

Tangu siku ile hakuna anayetenganisha. Nikiwaambia majirani, wananijibu kwa maneno ya dereva.

Boksi lililolowa mchuzi hakuna mnunuzi atakayelipima kilo. Kopo la alumini, ambalo kuliyeyusha upya kunaokoa karibu asilimia 95 ya nishati inayohitajika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini, linakwenda kuzikwa dampo la Nduba pamoja na maganda ya viazi. Na maganda yenyewe, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya taka za Kigali, yakifukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi. Yangeweza kuwa mboji. Dampo la Nyanza, kule Kicukiro, lilifungwa mwaka 2012 tukahamia Nduba. Nduba ikijaa, tunahamia kilima cha nani? Harufu na maji machafu ya huko nawaachia wakazi wa Nduba, wana haki ya kuandika barua yao.

Wala usiniambie haiwezekani. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaja sheria ya plastiki za kutumika mara moja. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Kanombe na kifuko, kinabaki huko huko. Wageni hao hao huja kupiga picha kwenye barabara yetu iliyopakwa rangi, wakatusifu kwa usafi, nami huitikia asante huku najua kilichomo ndani ya lori lililopita asubuhi. Mama mwenye kifuko anakamatwa. Mwenye gunia barabarani anatozwa. Mwenye lori anaongezewa mkataba. Sheria zetu, Mheshimiwa, zina macho makali sana kwa vitu vidogo.

Ninachotaka si semina wala bango. Maganda yapewe siku yake na vikavu siku yake, au lori liwekwe kizuizi katikati. Hilo liandikwe kwenye masharti ya mkataba, na anayechanganya atozwe faini kama nilivyotozwa mimi, tena papo hapo. Bila hivyo hakuna atakayetenganisha. Hata mimi, na nisingependa uniulize nafanyaje siku hizi.

Jibu usiniletee ofisini. Lije kwenye mkutano wa umuganda ujao, mbele ya watu wale wale waliopiga makofi. Na faini yangu irudishwe, risiti ninayo.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mwenye mgahawa, Biryogo, Nyamirambo