Kolwezi hata Lubumbashi kwa Ndege

Mtoto wa shule ashikaye rula na kupima ramani toka kiwanja cha ndege cha Kolwezi hata kile cha Luano, Lubumbashi, ataona kama kilomita 240. Barabara yazidi kilomita 300, kwani yazungukia Fungurume na Likasi, miji ya migodi. Ndege iendayo kilomita 480 kwa saa yapaswa basi kufika kwa nusu saa. Hesabu ni sawa, lakini safari sivyo ilivyo.

Ndege haiendi mbio hizo tangu inapoondoka ardhini. Hupanda kwanza, kisha hushuka, tena huzunguka ipate kuelekea njia yake ya kutua. Dakika 45 zaelekea kweli zaidi. Ongezeni kupimiwa mizigo, kungoja, na mwendo wa kwenda kiwanjani. Aliyeitiwa msiba Lubumbashi na ahesabu toka mlango wake hata mlango wa wafiwa, asije akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. (Vumbi la malori ya shaba njiani tutaliacha leo.)

Kuna na jambo la saa zenyewe. Kolwezi na Lubumbashi hufuata saa ile ile, bali Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Ndege ikiondoka Kinshasa saa sita mchana, ikaruka muda wa saa mbili, itatua Lubumbashi saa tisa, wala si saa nane. Arudiye, akiondoka Lubumbashi saa sita, hufika Kinshasa saa saba, ingawa angani amekaa saa mbili zile zile.